Ukifiwa, ndoa ikiyumba, au maisha yakikugeukia: jinsi ya kumtafuta mshauri nasaha ukiwa Lamu

Sindano ndiyo iliyonijulisha kwamba siko sawa.

Mimi hushona kofia za mkono, kazi niliyofunzwa na mamangu hapa Langoni. Kofia ya mume wangu niliianza mwezi ule ule aliofariki. Baada ya mazishi niliitia kikapuni pamoja na uzi wake, sindano imechomekwa pale pale nilipofika. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi, nikatoka, wanawake wa mtaa wakaja tukasoma dua tukala. Wiki ya pili yake nikafungua kikapu. Sindano ilikuwa imeshika kutu, na kutu ile imeacha doa kwenye kitambaa cheupe, dogo kama punje ya mchele, rangi ya udongo. Nililitazama doa lile tangu adhuhuri hadi mwadhini alipoita alasiri. Wali uliungua jikoni, harufu naisikia, nisiinuke. Sikulia wala sikuwaza kitu. Binti yangu aliporudi ndiye aliyezima jiko, akanishika mabega: "Mama, umekaa hapa tangu saa ngapi?" Nilishindwa kumjibu.

Ndipo nikaanza kutafuta mtu wa kunisaidia, na nilihangaika sana kwa sababu sikuwa na wa kunionyesha njia. Sasa ni mwaka wa tatu. Wanawake wanne na mwanamume mmoja wameshanijia, kila mmoja kwa wakati wake, kuniuliza nilifanyaje. Niliyowaambia ndiyo haya.

Uchungu wa kawaida, na uchungu uliokwama

Aliyefiwa hulia, hukosa usingizi, chakula hakimpiti kooni. Humsikia marehemu. Mume wangu alikuwa na desturi ya kukohoa pale dakani, ukumbi wa mlangoni, kabla hajaingia, ili tujue ni yeye, na mimi nilikisikia kikohozi kile kwa wiki nyingi. Hayo si maradhi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema macho hutoa machozi na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Basi anayekwambia "nyamaza, kulia ni kukosa subira" usimfuate.

Na matanga yetu ni dawa kubwa. Siku zile nyumba hujaa, chakula huletwa, khitma husomwa, na kila anayeingia hukwambia makiwa. Shida huanza majamvi yanapokunjwa na sufuria za kuazima zikarudi kwa wenyewe. Watu wana maisha yao, wanarudi kwayo, na wewe unabaki na kitanda kilichozidi upana.

Tafuta msaada ikiwa wiki mbili zimepita mfululizo na karibu kila siku huna raha ya kitu chochote, hulali au walala mchana kutwa, kazi yako imekushinda, au watoto wameanza kukuogopa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika 2022, linautambua msiba uliokwama kuwa ugonjwa wenye jina lake: kumtamani marehemu au kumuwaza bila kupumzika kwa muda usiopungua miezi sita, tena kupita kiasi kinachotarajiwa katika mila na dini ya mtu mwenyewe. Nilipoelezwa hilo la mila nilifarijika. Hakuna anayekuja kutuambia eda yetu au khitma zetu ndizo ugonjwa. Lakini kipimo hicho ni cha daktari, si chako. Usikae ukihesabu miezi sita ndipo uende.

Na ikiwa unawaza kujitoa roho, au unajiona watu wako wangepumzika usipokuwepo, mambo mengine yote hapa yaache kwanza. Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno hayo hayo bila kuyazunguka. Usilale peke yako. Dawa na kamba ziondolewe chumbani. Nenda hospitali saa yoyote, hata usiku wa manane, au piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu ambayo haitozwi pesa, au 0722 178 177, ya Befrienders Kenya. Wengi walikuwa wakificha kwa kuogopa polisi, maana kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakwenda kinyume na Katiba. Unayekwenda kuomba msaada ni mgonjwa anayetaka kutibiwa, na utibiwe kama mgonjwa.

Neno lenyewe linavyotisha

Kwetu mtu akisikia "ushauri nasaha" hukumbuka vibanda vya VCT na kupimwa virusi vya UKIMWI. Akisikia "mwanasaikolojia" hukumbuka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Nairobi. Mamangu aliponisikia nimetaja hospitali alitoka akaenda kwa mwalimu, akarudi na kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji ya waridi. Nililinywa lote. Nililinywa kwa imani na kwa mapenzi ya mamangu, na Jumanne yake nikaenda hospitali. Sikuona la kwanza likilikataza la pili. Ukiwa na mwalimu au imamu unayemwamini, mwambie unakokwenda. Nimeona wengi wao hupoa roho wakijua hutafuti mbadala wa dini.

Jirani yangu alifiwa, na akiwa bado yumo edani hali ikamzidi. Tulimuuliza mwalimu wa mtaani kwetu, akasema haja ya matibabu humruhusu mwanamke kutoka mchana na kurejea kwake. Nawe muulize wako. Hata ikiwa hupendi kutoka, simu ipo: jirani huyo alianza kwa simu, juu darini chini ya makuti, mlango wa ngazi umefungwa.

Pa kuanzia

Ukiwa kisiwani, anzia hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wengi wetu bado twaiita King Fahd. Ukiwa Faza, Pate, Witu au Mpeketoni, nenda kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya rufaa. Ukiwa Malindi, nenda hospitali kubwa ya serikali pale mjini. Usitafute mlango wenye maandishi makubwa. Utapita mapokezi kama wagonjwa wote, utakuwa na daftari lako, na utamwona daktari wa zamu kwanza. Hapa ndipo wengi huharibikiwa, kwa sababu akiulizwa "una shida gani?" mtu husema kichwa chaniuma, anapewa panadol, anarudi nyumbani. Mimi nilirudi na panadol mara mbili.

Sema hivi, hata kwa kukariri njiani: "Nimefiwa na mume wangu, tangu siku hiyo silali na kazi imenishinda. Naomba kuonana na mshauri nasaha." Ikiwa kuna watu nyuma yako na wasikia, mwandikie kwenye daftari, mkabidhi. Wenye haya nawashauri waandike nyumbani kabisa.

Kuna njia nyingine ambayo watu huisahau: mhudumu wa afya ya jamii. Serikali iliwasambaza upya nchi nzima 2023, na kila mtaa una wake. Wa kwetu hupita nyumbani kupima presha. Ukimwambia, anajua ni siku gani mshauri yupo, na hilo litakuokoa kwenda ukakuta mlango umefungwa.

Ukienda kwa wa kulipia, muulize kama amesajiliwa. Sheria ya mwaka 2014 inayohusu washauri nasaha na wanasaikolojia iliunda bodi yake, na mwenye kazi hii atakiwa awe amesajiliwa huko. Aliyesajiliwa hakasiriki akiulizwa.

Siri, katika mji ambao vichochoro vyake vina macho

Hili ndilo lililonichelewesha kuliko yote. Lamu ukitoka mlangoni mwako, kabla hujafika Mkunguni umeshaamkuliwa mara kumi, na katika kumi hao watatu watakuuliza waenda wapi. Kuna siku nilifika hadi karibu na lango la hospitali, nikamwona wifi yangu, nikageuza njia nikaenda kununua samaki.

Nilichojifunza ni kwamba "naenda hospitali" latosha. Mtu mzima kwenda hospitali hakuhitaji maelezo. Chagua siku ya kliniki zenye watu wengi, kwani wewe utakuwa mmoja katika wengi. Na ukiona mji umekubana kabisa, kuna wanaopanda boti hadi Mokowe wakachukua basi la Malindi, ambako hawana anayewajua. Mwanamume yule aliyenijia alifanya hivyo, mara moja kwa mwezi, na mara nyingine akizungumza na mshauri wake kwa simu.

Siku ya kwanza kabisa, kabla hujasema lako, uliza: "Nitakayokwambia yanaandikwa wapi, na nani atayasoma?" Mshauri mwema atakueleza kwamba siri yako haitoki, kisha atakutajia na mipaka yake: ukiwa hatarini kujidhuru au kumdhuru mtu, kuna mtoto anayeumizwa, au mahakama imeamuru. Akikwambia hakuna mpaka wowote, hajakueleza ukweli wote. Ikiwa ni mtu wa ukoo wako au rafiki wa shemeji yako, mwambie kwa adabu kwamba ungependa mwingine. Si tusi, na yeye mwenyewe kazi yake yamtaka akubali.

Yule asiyekufaa

Wa kwanza kumwona hakunifaa. Simtaji wala sitaji mahali. Nilikaa kitini nikaanza, naye simu yake mezani inatoa mwanga, anaitupia jicho. Baada ya dakika chache akaniambia Mungu amempenda zaidi, mimi bado kijana, nitafute mtu wa kunistiri. Yale yale niliyoambiwa matangani, tofauti ni meza. Nilitoka nikaapa sirudi kwa yeyote, nikapoteza miezi miwili kwa kiapo hicho.

Ukipata wa namna hiyo, badilisha. Anayekukatiza, anayekuhubiria, anayekuhadithia ya mgonjwa mwingine kwa jina, anayekuomba mkutane nje ya kazi, anayekuahidi kwamba utapona siku kadhaa: wote hao waache. Lakini usimwache mtu kwa sababu tu umetoka kwake umechoka na macho yamevimba. Hilo hutokea kwa walio wema pia, hasa mwanzoni.

Chumbani

Wa pili alikuwa msichana wa bara, umri wa binti yangu. Kiswahili chake cha bara, changu cha hapa. Niliketi nikijiambia huyu atajua nini. Akaniamkia, akavuta kiti kikawa ubavuni badala ya kukaa nyuma ya meza, akaniuliza nalala saa ngapi, nakula mara ngapi, kama nimewahi kuwaza kufa. Alivyouliza hilo la mwisho, sauti yake haikubadilika, na kwa hivyo nami niliweza kumjibu kweli.

Kisha akasema, "Mama, nieleze kuhusu mzee. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Tangu siku ya mazishi watu walikuwa wameniambia mengi: subiri, shukuru, kazana, watoto wakutazama. Wa kuniuliza hakuwapo. Nilimweleza kikohozi cha dakani. Nilimweleza alivyopenda papa wa nazi na asivyopenda kuulizwa jambo kabla hajanywa chai. Nililia nikafutia ncha ya leso, naye akangoja. Kungoja kule ni sehemu ya kazi yao. Usiharakishe kujaza kimya.

Siku ya tatu ndipo nilipotoa lile nililokuwa nimelificha hata kwa binti yangu. Usiku ule mume wangu aliniambia kifua chamuuma. Nikamwambia, "Lala, tutaenda asubuhi." Asubuhi hakuamka. Hospitali iko hapa hapa mjini, si safari ya boti.

Nilitaraji aniambie si kosa lako, kama ambavyo angeniambia yeyote, nami nisingeamini. Hakusema. Aliniuliza, "Usiku ule, ulikuwa unajua nini?" Nikafikiri. Nilijua wiki nzima alikuwa na kiungulia. Nilijua alikula, akaswali isha, akapanda ngazi mwenyewe. Hayo ndiyo niliyoyajua. La moyo wake nililijua asubuhi. Nilikuwa nikimhukumu mwanamke wa usiku kwa habari za asubuhi, na ilinichukua wiki nyingi kuliona hilo, mkutano baada ya mkutano, kila mmoja kama dakika hamsini.

Basi ukienda, peleka lile unaloliogopa. Si lazima siku ya kwanza. Liandike kwenye karatasi, likunje, liwe mkobani mpaka siku yake.

Na fanya kazi utakayopewa ya nyumbani. Mimi nilipewa kushona dakika kumi kwa siku, kwa saa, kisha niache hata kama nataka kuendelea. Ilionekana jambo dogo. Siku tano za mwanzo nilishika tu kitambaa. Ya sita nilitunga uzi. Lile doa la kutu halikutoka kwa ndimu wala kwa chumvi, nikalishonea juu yake.

Ndoa ikiyumba

Mdogo wangu ameolewa Malindi, Barani. Mumewe alikuwa mhudumu wa hoteli kwa miaka mingi, hadi 2020 corona ilipofunga hoteli na Waitaliano wakarudi kwao. Akaja akaendesha tuktuk ya mtu. Kilichoumiza ile nyumba si ufukara pekee, ni kimya chake. Anarudi, anakula, anageukia ukuta. Mdogo wangu akasema maneno, naye akasema ya kwake, na mara mbili wazee wakaitwa.

Sulhu ya wazee ina msingi wake. Qurani imetuamrisha kuleta mpatanishi wa upande wa mume na mpatanishi wa upande wa mke. Lakini wazee huja kutafuta nani amekosa, wakatoa neno, wakaondoka kabla chai haijapoa. Mshauri hatoi hukumu. Huwaketisha kila mmoja amsikie mwenzake bila kumkatiza, na shemeji yangu huyo alisema mbele yake jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa wazee: kwamba anaona haya kubeba kwenye tuktuk watu aliokuwa akifanya kazi nao.

Kumpeleka mume kunahitaji maneno ya kupima. Ukimwambia "wewe wahitaji kuonwa", umemwita mgonjwa, hatakwenda. Mdogo wangu alimwambia, baada ya isha, watoto wamelala: "Mimi nimechoka, nataka kwenda kuzungumza na mtu, na naogopa kwenda peke yangu. Nisindikize." Akamsindikiza. Akikataa kabisa, nenda wewe. Nyumba hubadilika hata mmoja wao akibadilika. Na mliyoyasema kule yasije yakawa silaha ya ugomvi huku. "Hata mshauri alisema wewe…" ni neno la kulifungia mlango.

Ila ikiwa kuna kipigo, msiende pamoja. Mwanamke hatasema kweli mbele ya anayempiga, na akisema atalipia nyumbani. Piga 1195, nambari ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, haitozwi pesa. Nenda hospitali kwanza upimwe na uandikiwe, kisha dawati la jinsia kituo cha polisi. Mtoto akiumizwa, piga 116, nambari ya kuwasaidia watoto. Ukiombwa usubiri, mwambie anayekuomba kwamba subira haikuamrishwa juu ya mifupa.

Mshauri pia hana kazi ya kushikilia ndoa kwa gharama yoyote. Mmoja wa wale wanawake wanne aliishia kwa kadhi, wakaachana bila matusi, na walikubaliana kuhusu watoto kabla hawajaingia mahakamani. Nalo hilo ni msaada.

Mabadiliko mengine

Kustaafu, mtoto wa mwisho kwenda chuo Mombasa, kuhamia ukweni, kuachishwa kazi: haya hatuyafanyii matanga, na kwa hivyo mtu huona haya kuyalilia. Njia ni ile ile, na mara nyingi mikutano michache yatosha. Ukiulizwa shida, taja kilichoondoka: kazi, nyumba, mtu, au jina ulilokuwa ukiitwa.

Pesa, na siku ya kumaliza

Hospitali ya serikali ni nafuu kuliko kwa wa kulipia, lakini uliza bei kabla hujaketi, na uulize kama SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa kwa hali yako. Kwa wa kulipia, ukiona huwezi bei yake, mwambie. Wapo wanaopunguza, na wapo watakaokubali muonane mara moja kwa wiki tatu badala ya kila wiki.

Usikate ghafla ukijisikia nafuu. Mwambie mshauri, mtapunguza polepole. Na kwetu huku watumishi huhamishwa sana. Yule binti wa bara alihamishwa kaunti nyingine tukiwa hatujamaliza, na siku aliyoniambia nilihisi nimefiwa upya. Alilijua hilo, akalitenga saa nzima tulizungumze. Ikikutokea, mwombe akupeleke mwenyewe kwa anayempokea, mkiwa watatu chumbani, ili faili lako lisikabidhiwe bila wewe na usilazimike kuanza hadithi upya. Andika kwenye daftari lako, kwa mkono wako, mlipofikia. Mimi niliandika mistari minne, nikampa yule mpya asome kabla hatujaamkiana sawasawa.